Kiwanja cha nyasi bandia nyumbani, na nyumba yenyewe iko kilimani

Mombasa tukisema mlima watu wa bara wanacheka, ati mlima gani huo, lakini aliyewahi kupanda Nguu Tatu kwa miguu na gunia la unga begani anajua. Mjomba wangu amejenga huko, juu kabisa, upepo wa bahari unampiga mchana kutwa na mvua ikinyesha maji yanapita nyuma ya nyumba kama mto. Siku moja akanipigia simu, "mjomba, hawa wajukuu wananimalizia vioo na mpira, nataka kiwanja hapa nyuma cha zile nyasi za plastiki, wewe si ulikuwa na wale wanaoweka?" Nikasema ndio. Na kweli nilishafanya kibarua kwenye viwanja viwili, Nyali na Bamburi, ila vyote hivyo ni tambarare na chini ni matumbawe, maji yakimwagika yashanywewa. Kilimani ni habari nyingine kabisa na kwa mjomba tuliharibu kwanza ndio tukajua, kwa hivyo hapa naeleza njia iliyotufaa, na pale tulipokosea nitasema bila kuficha.

Kwanza uelewe nyasi bandia ni zulia tu. Ukitandika zulia juu ya sakafu iliyobonyea nalo litabonyea. Watu wengi wanaanza na nyasi, wanauliza bei ya mita, kijani gani, jani refu ama fupi, halafu chini wanamwaga maram kidogo basi kazi imeisha. Geuza hiyo. Kama pesa ni ya kubana, bana kwenye nyasi, chukua ya kawaida, lakini chini usibane hata shilingi, maanake nyasi ikichoka unaifumua unaweka nyingine juu ya msingi uleule, ila msingi ukizama unafumua kila kitu na gundi yote imepotea. Hata hilo jina astro tunalotumia limetoka kwenye uwanja wa ndani wa Houston kule Marekani, Astrodome, walipanda nyasi za kweli zikawafia kwa kukosa jua ndio mwaka 1966 wakatandika za plastiki. Wao walikuwa na paa, sisi mvua ya masika inatupiga yote, hatuna ujanja ila kuipa njia.

Vipimo sasa. Mjomba alitaka mita 10 kwa 18 kwa sababu ndio alivyopima kwa hatua zake. Nikamwambia ngoja. Hizi nyasi za michezo zinakuja kwa roli na roli nyingi upana wake ni mita 4, zipo na za mita 2. Kiwanja cha upana wa mita 10 kinataka roli tatu za mita 4, jumla 12, zile mbili za ziada unakata unatupa, ukipiga hesabu umelipia mita za mraba 36 za kufunikia banda la kuku. Ukifanya 12 kwa 20 roli tatu zinaingia bila kupasua upande, mita za mraba 240, voliboli yenye 9 kwa 18 inakaa ndani, badminton inakaa, na vijana wanne kwa wanne wanacheza mpira bila kukanyagana. Ila agiza roli za mita 21 badala ya 20, hiyo mita moja usiionee uchungu, nitaeleza mbele. Basketi sahau, mpira wa basketi ukidunda kwenye nyasi unakufa hapohapo, anayetaka ringi muachie kona ya simiti.

Urefu wa jani, kwa kiwanja cha nyumbani cha michezo mchanganyiko milimita 20 hivi zatosha. Zile ndefu za milimita 50 au 60 za viwanja vikubwa zinataka kujazwa mchanga pamoja na chembe nyeusi za mpira, na chembe hizo kilimani mvua moja tu zimeshateremka kwa jirani, halafu jua la saa saba zinanuka mpaka sebuleni. Huko Ulaya mwaka 2023 wamepitisha sheria ya kuzuia chembe hizo zisiuzwe tena kwa viwanja, marufuku yenyewe itaanza kushika 2031, sababu ni plastiki ndogondogo zinazoishia mtoni na baharini. Sisi wala samaki tusingoje mpaka hapo.

Haya, ardhi. Usipime kwa macho, kilima kinadanganya. Chukua mpira wa maji mwembamba unaopitisha mwanga, wa mita 25 hivi, ujaze maji, utoe mapovu yote hata lile dogo lililojificha katikati, mmoja ashike ncha ya juu mwingine ya chini kila mtu na fito yake, maji yakitulia mnatia alama. Mafundi wa zamani wanajenga msikiti kwa mpira huo na hauna betri ya kuisha. Kwa mjomba tofauti ilitoka mita moja na nusu ndani ya ule upana wa 12, na yeye miaka yote alikuwa akisema "hapa nyuma pamelala tu".

Sasa ndio tukakosea. Tulikata upande wa juu, udongo tukaumwaga upande wa chini, nusu kwa nusu, rahisi na hulipii lori la kuondoa mchanga. Tulimwaga wote kwa siku mbili, tukapitisha kompakta, ile mashine ya kushindilia, juu, ilikuwa Februari, kaskazi, pakavu, pakawa pagumu kama barabara ya lami na kila mtu akapiga picha. Mwezi wa tano mvua ikafungua. Asubuhi moja mjomba anatoka kona ya chini imezama, nyasi imening'inia juu ya shimo kama chandarua, ukikanyaga mguu unaingia mpaka kwenye kifundo na ukitoa unasikia maji yanasema chwaa. Akanipigia tena, "mjomba, umenijengea bwawa." Hakucheka.

Tatizo ni kwamba ile kompakta ya bamba nguvu yake haifiki mbali, juu panakaza chini bado ni unga. Udongo wa kujazia unawekwa kidogo kidogo, sentimita 15, unanyunyizia maji uwe wa kufinyangika mkononi bila kutota, unashindilia kwenda na kurudi mara nne tano, ndio unaleta mwingine. Na kabla hujajaza, ule mteremko wenyewe ukate ngazi ngazi kwa sururu, toa majani na mizizi yote, ili udongo mpya uwe na pa kukalia, la sivyo utateleza mzima mzima kama godoro juu ya ubao. Mara ya pili tulikata zaidi upande wa juu ili kule chini tujaze kidogo, udongo uliobaki mjomba akapandia migomba, na kwenye ukingo wa chini tukajenga ukuta wa mawe.

Ukuta huo nao usijengwe kama ukuta wa ua. Nyuma yake weka kokoto upana wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu, hizo kokoto zitenge na udongo kwa kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo, halafu acha matundu ya bomba la inchi 2 kila baada ya mita moja na nusu, yatoboe ukuta karibu na usawa wa ardhi ya chini. Maji yakikosa pa kutokea yanausukuma ukuta kidogo kidogo mpaka siku unalala. Ukipita urefu wa mita moja muite injinia, nasema injinia sio fundi anayejiita injinia, na kibali cha kaunti uchukue mapema. Ule uso wa juu uliokatwa pia usiuache umesimama wima, ulaze, kisha panda nyasi za kweli au uujengee.

Na mtaro wa juu. Hapa natulia kidogo maanake hata ukisahau mengine yote hili shika. Maji ya kilima hayaji kwa juu tu, mengine yanatembea ndani ya udongo, mvua imeacha tangu jana na bado chini ya kiwanja kunachuruzika. Kwa hivyo kati ya mteremko na kiwanja chimba mtaro kina cha nusu mita au zaidi, ushuke kwa sentimita moja kila mita, tandika kitambaa, kokoto kidogo, bomba lenye matundu, na matundu yaangalie chini. Vijana wetu waliyageuza juu, nikawauliza kwa nini, wakanambia "si ndio maji yaingie". Yakiwa juu maji yanajaa mtaro kwanza kabla hayajalifikia bomba, yakiwa chini yanaingia mara tu yanapopanda. Jaza kokoto, funika kitambaa, toa mdomo wa bomba pembeni kabisa mbali na ukuta, kwenye ardhi yako mwenyewe. Ukielekeza kwa jirani utaitwa kwa chifu na haki atakuwa nayo yeye.

Baada ya hapo msingi wenyewe ni kazi ya mikono tu. Kitambaa cha jiotekstaili juu ya udongo ulioshindiliwa, vipande vipandiane kama sentimita 30. Kokoto zilizochanganyika kubwa na ndogo sentimita 10, shindilia, juu yake dasti ya timboni, ule unga wa mawe, sentimita 5, nyunyizia, shindilia. Usiongeze dasti ati uso uwe laini zaidi, dasti nene inashikana kama sakafu na maji hayapiti. Uso mzima ulale kwa asilimia moja kuelekea ukuta wa chini, kwa upana wa mita 12 ni sentimita 12, mpira hautatambua lakini maji yatatambua. Kisha chukua ubao ulionyooka wa mita 3 uuburute kila upande, ukiona mwanga wa kidole chini yake rudia hapo. Sisi tulimwaga na pipa la maji lita 200 upande wa juu tukakaa na chai ya rangi tukitizama linakwenda wapi, dimbwi mbili zikajitokeza karibu na goli, zikasawazishwa siku hiyohiyo.

Hesabu ya lori, wengi wanakwama hapo. Mita za mraba 240 kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 36 zikishashindiliwa, zikiwa bado hazijashindiliwa utahitaji kama 45, hapo ni lori la tani 7 safari karibu kumi. Lile kubwa la tani 20 lilifika kona ya mwisho chini ya kwa mjomba dereva akateremka akatizama juu akarudi kuwasha sigara. Uliza njia kabla ya kuuliza bei.

Kingo pande zote ziwe za simiti, mbao mchwa wa huku wanakula na rangi yake. Nguzo za wavu pia zichimbiwe sasa kabla nyasi haijaja, kina cha sentimita 80 na zege, usije ukatoboa zulia jipya. Kilimani wavu sio mapambo, mpira ukitoka upande wa chini haurudi, unakwenda mpaka stegi, kwa hivyo upande huo wavu uende juu hata mita 4. Tumia wavu wa nailoni, ule wa waya kwa chumvi ya bahari unaanza kulia kutu kabla hujamaliza kulipa deni, na chuma cha nguzo kiwe kimechovywa zinki ya moto, sio cha kupaka rangi ya fedha tu.

Siku ya roli ndio siku ya watu. Roli moja ya mita 4 kwa 21 inapita kilo 200 na ina urefu wa mita 4, haipindi kona. Tulikodi hamali sita na mkokoteni, wakapitisha bomba la chuma katikati ya roli, kamba mbele, wawili nyuma wanasukuma na mmoja kazi yake ni jiwe tu, kila wakipumzika anatia jiwe nyuma ya gurudumu. Yule wa jiwe ndio aliyelipwa sawa na wengine na hakuna aliyelalamika.

Zikifika zitandue zote, zipumzike juani masaa matatu manne mpaka mikunjo ilale. Pitisha kiganja kama unampapasa paka, upande mmoja jani linalala upande wa pili linakukataa, hakikisha roli zote tatu zinalala upande mmoja, ukigeuza moja tu utaona vivuli viwili kila siku utakapofungua dirisha. Pembeni mwa kila roli pana ukingo usio na jani, ukate pamoja na mshono mmoja wa majani, kata kwa nyuma, kisu kipya, badilisha wembe kila mara usibane pesa ya wembe. Na usikate saa sita mchana. Plastiki ikipata joto inatanuka, usiku inarudi, kesho yake unakuta mwanya. Pima na ukate asubuhi umande ukishakauka ama baada ya alasiri.

Maungio: inua kingo mbili, tandika utepe wa sentimita 30 katikati, paka gundi ile ya kuchanganya makopo mawili, changanya kidogo kidogo maanake kwa joto letu inakaza mapema kuliko ilivyoandikwa koponi, laza upande mmoja halafu wa pili, nafasi kati yao ilingane na nafasi kati ya mishono ya zulia lenyewe. Ukibananisha sana patatokea kichuguu, ukiachia sana patatokea njia. Fundi wetu mmoja wa makamo alipiga magoti mita 20 nzima na bisibisi, anachokoa jani moja moja lililobanwa kwenye gundi, vijana wanamcheka, lakini leo hilo ungio ukiambiwa ulitafute hulioni, na lile jingine walilofanya wenyewe haraka haraka unaliona ukiwa getini. Weka mifuko ya mchanga juu yake mpaka kesho. Ikinusa mvua acha, gundi na maji havielewani, na ndio maana kazi hii ipange Januari mpaka mapema Machi.

Mchanga wa kujazia kati ya majani uwe wa silika, uliokauka na kuchekechwa, kilo 15 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa 240 ni kilo 3,600, mifuko 72 ya kilo 50. Kuna atakayekwambia bahari hii hapa mchanga bure. Mwambie ahsante. Mchanga wa ufuoni una chumvi na makombe, makombe yanasagika yanakuwa unga, unga unaziba matundu ya chini ya nyasi, na mchanga wenyewe kuuchota ni kesi. Umwage kwa awamu tatu nne, kila awamu fagia na ufagio mgumu kinyume na jani lilivyolala, jani lisimame mchanga uzame. Kukiwa na umande mchanga unaganda juu kama sukari kwenye mandazi.

Ikiwa mlima wako ni mlima kweli, Wundanyi kule Taita ambako ukungu unakaa mpaka saa nne, mambo mawili yanabadilika, gundi inachelewa kukaza kwa hivyo uzito uuache siku mbili, na upande wa kivuli kuvu la kijani linaota, hapo ni kufagia mara kwa mara na kupunguza matawi jua lipate kupita. Huku kwetu shida ni kinyume chake. Saa saba mchana nyasi hii inaunguza, mtoto wa peku atarudi na malengelenge, kwa hivyo kiwanja cha mjomba kinafunguliwa baada ya swala ya alasiri na kinamwagiwa maji dakika tano kabla. Angalia pia madirisha, nyumba ya kilimani ina vioo vikubwa vinavyotazama magharibi, na baadhi ya vioo vile vya kukinga joto vinarudisha jua kwenye sehemu moja mpaka majani yanajikunja.

Ile mita moja ya ziada sasa. Idi iliyopita watu walichoma mishkaki pembeni, nikasema jiko litoke huko, nikaambiwa upepo uko upande mwingine. Kaa moja likaruka. Tundu ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, jeusi, majani yake yameyeyuka yakawa kama ubani. Unakata mraba mdogo kuzunguka tundu, unakata mwingine sawasawa kutoka kwenye kile kipande ulichohifadhi, angalia ulalo wa jani, utepe chini, gundi, jiwe juu usiku mmoja. Kipande kihifadhi nje kwenye jua pamoja na kiwanja, sio stoo, ili vipauke pamoja, la sivyo kiraka kitakuwa kijani kibichi kama muhogo uliopandwa jana.

Kufagia ni kila wiki, zaidi kama una mwarobaini karibu, kusi ikivuma majani yote yanakuja kulala hapo na yakioza yanakuwa udongo na magugu yanaota juu ya plastiki, nimeyaona. Na mvua kubwa ya kwanza ikianguka chukua mwavuli ushuke chini ya ukuta ukatizame yale matundu ya inchi 2. Maji safi yakitoka, panda urudi ukalale. Yakitoka na tope, kitambaa kimechanika mahali, pafunguliwe kabla mvua hazijazidi. Yasipotoka kabisa na ukuta unatoa jasho, chukua nondo uchokoe, polepole, na usisimame mbele ya tundu, mimi nilisimama.